Kamba za Viatu

Jumapili ile tulitoka Pasua mapema,
mayai ya kuchemsha ndani ya hotipoti,
ndizi za kukaanga kwenye gazeti la juzi,
Haika mgongoni mwangu, mdomo wazi, amelala.
Juu huko Uru, tuliambiwa, kuna maporomoko
ambayo wageni hupanda ndege kuja kuyatazama,
na sisi, wa chini ya mlima ule ule,
tunayajua kwa picha ya kalenda.

Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika.
Tukapita migomba, mibuni,
mfongo wa wazee ukikimbia kando yetu
kama mtoto aliyetumwa dukani akaahidiwa chenji.
Ndewira alitangulia. Ndewira hutangulia daima.
Kisha njia ikakatika:
magogo mawili ya mgrevilea,
mbao zimepigiliwa juu yake, nyingine zimeng'oka,
waya mmoja wa kushika, wenye kutu.
Chini, mbali, mto ukijisemea peke yake.

Elirehema akainama kufunga kamba za viatu.
Akafunga.
Akaendelea kufunga.
"Baba," Aikande akasema, "viatu hivyo havina kamba."

Hakuna aliyecheka.
Mimi naijua ile nguzo ya umeme ya Himo,
naijua kuliko aliyeipanda,
na mvua iliyoilowesha, na ngazi iliyoteleza,
na miezi saba ya plasta na uji wa kulishwa.
Aliporudi kazini walimpa meza, kalamu, na daftari la mita.
Watoto tuliwaambia: Baba amepandishwa cheo.

Nilitaka kusema turudi, mvua inakuja.
Uongo ulikuwa tayari ulimini.
Yeye akaniwahi, bado amechuchumaa,
akiongea na kiatu:
"Naogopa. Miguu imekataa."

Upepo ukapita kwenye migomba.
"Mimi," akasema Aikande, "naogopa choo cha bibi usiku."
"Hesabu," akasema Ndewira, akitazama pembeni.
"Mwalimu akishika chaki natamani kuwa dawati."
Wakanigeukia.
"Simu," nikasema. "Ikilia usiku.
Tangu siku ile naiweka chini ya mto,
nalala nikiisikiliza isivyolia."
Elirehema akanyanyua uso.
Miaka mitatu, kitanda kimoja,
hakuwa akijua.

Nikafungua kitenge changu cha pili, tukakishika wote:
Ndewira mbele, kisha Aikande, kisha yeye,
kisha mimi na mzigo wangu uliokwisha kuamka.
Tukahesabu mbao kwa sauti.
Moja. Mbili. Tatu. Ya nne haipo, ruka.
Haika naye akahesabu begani kwangu,
"Tano, saba, tano, kumi!"
na katikati kabisa, pale gogo linapopinda,
Elirehema akacheka,
daraja likatikisika kwa kicheko chake,
tukapiga kelele wote watano,
nami nikahisi mkono wake ukitetemeka
ndani ya kitenge, kama samaki ndani ya wavu,
ukitetemeka na ukisonga mbele.

Maporomoko hatukuyaona.
Ukungu uliteremka ukayatangulia macho yetu,
tukasikia ngurumo tu, tukala mayai,
chumvi tuliisahau nyumbani.
"Yapo," akasema Aikande. "Si mnayasikia?"

Wakati wa kurudi daraja lilikuwa lile lile,
waya ule ule, ubao wa nne bado haupo.
Safari hii aliyesimama ni Ndewira.
Alitazama chini, kosa ambalo asubuhi hakulifanya,
na magoti yake yakaanza kuongea.
Mwenyewe hakusema kitu. Ana miaka kumi na miwili.

Elirehema akamwangalia.
Akapiga goti kwenye tope, kando yake,
akashika kiatu chake kile kisicho na kamba.
"Nisubiri kidogo, mwanangu," akasema,
"nifunge hivi."